Wimbo Mmoja wa Zilipendwa: Namna ya Kuuchagua

Kazi hii huonekana ndogo mpaka mtu akabidhiwe. Ndugu zako wa Kasansa, Mpimbwe, mkoani Katavi, wana harusi baada ya mavuno ya mpunga, sabufa na spika zimekodiwa, na wewe umeambiwa ulete wimbo mmoja tu wa kufungua saa ya wazee, wimbo ambao mtu akiusikia atasema, naam, huu ndio muziki wa enzi ile. Au pengine hakuna harusi yoyote, ni ubishi wa kijiweni kati ya anayeshika bendi ya Msondo na anayeshika ya Sikinde, na wewe unatakiwa utoe hukumu yenye sababu. Wengi huchagua harakaharaka. Hutaja wimbo waliouzoea, au wimbo wa mwimbaji aliyewahi kutikisa nchi, au ule wenye maneno yanayochoma. Kisha wakibanwa waeleze kwa nini huo na si mwingine, jibu huwa ni "we sikiliza tu". Mwongozo huu unashika msimamo mmoja. Ladha ya zilipendwa imo katika majibizano: mwimbaji anatupa neno, vyombo vinalipokea na kulirudisha, waitikiaji wanaingia kati, na mwisho vyombo vyenyewe vinashika usukani wa mazungumzo. Ukilitafuta hilo kwanza, orodha yako itapungua upesi, na utakachobaki nacho utaweza kukitetea mbele ya mzee yeyote.

Wapenzi wa soul ya Marekani wana ubishi kama huu, kila mmoja na wimbo wake anaoapia kuwa ndio soul halisi, na inafaa kuwachungulia kwa sababu habari za studio zao zimeandikwa sana. Studio ya Stax ya Memphis ilikuwa ndani ya jengo la sinema la zamani. Bendi ya nyumbani, Booker T. & the M.G.'s, ilikaa chumba kimoja na mwimbaji pamoja na wapuliza tarumbeta na saksafoni, wakapiga wote kwa wakati mmoja. Mwaka 1966 Otis Redding alirekodi pale "Try a Little Tenderness", wimbo uliokuwa umetungwa tangu miaka ya 1930 na kuimbwa na wengi kabla yake. Ya kwake inaanza taratibu, wapulizaji wakimsindikiza kwa adabu. Mpiga drams anaingia kwa kugonga kimti kidogo tu, kama anayehesabu. Kisha gita na kinanda vinaongezeka, kasi inapanda, na kufikia dakika ya mwisho Otis ameshaacha beti. Anarusha vipande vya maneno, bendi inamrudishia kila kipande kwa nguvu kuliko alivyokirusha. Watu wanaousifu wimbo huo husifu koo la Otis, na wana haki. Lakini mwondolee wale wapulizaji na yule mpiga drams, umwache peke yake na kinanda, utabaki na mtu anayelia. Soul inapotea, kwa sababu soul ilikuwa katika kujibiwa.

Sasa linganisha na muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960 hadi 1980. Wimbo wa kawaida wa bendi kubwa una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: magita yanafungua, mwimbaji anaeleza mkasa wake, wenzake wanaitikia, tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, vinaziba pengo kati ya ubeti na ubeti. Ya pili ni chemko. Beti zimekwisha, gita la solo linashika kifungu kifupi na kukirudia, gita la pili linajisokota pembeni yake, ridhimu inakaza, besi inatembea, tumba zinasema zaidi ya zilivyosema mwanzo, na waimbaji hawana tena hadithi, wana kiitikio na vichombezo vya kumtaja mpiga solo au kuuita mtindo wa bendi. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora Jazz, Kimulimuli ya JKT, Vangavanga ya Polisi Jazz, Ogelea Piga Mbizi ya Maquis. Jina la mtindo lilimweleza mchezaji acheze vipi chemko likifika. Kwa hiyo anayekuchagulia wimbo usio na sehemu ya pili, hata uwe mtamu namna gani, amekupa nusu. Na anayekuletea chemko tupu, kama wafanyavyo madijei wanaounganisha nyimbo 30 ndani ya saa moja, amekupa nusu nyingine, na pengine ni nusu mbaya zaidi, kwa kuwa jibu limesikika bila swali.

Hapa mtu atauliza: kuna haja gani ya kuitaja soul ya Wamarekani wakati tunazungumzia muziki wetu? Swali hili lina historia, na historia yenyewe ina kichekesho chake. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za starehe. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa, mwaka uleule ambao Operesheni Vijana ilikuwa ikipambana na sketi fupi na suruali za kubana. Magazeti yalijaa barua za wanaounga mkono na wanaopinga. Lakini bendi zilizohesabiwa kuwa za kitaifa zilikuwa zikipiga nini? Zilipiga rumba, muziki uliorudi Afrika kutoka Cuba kwa njia ya santuri, ukapikwa upya Kinshasa, ukafika Dar es Salaam na Morogoro. Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba bila kuona haya. Maquis walitoka Kongo wakaweka makazi Dar es Salaam, wakawa wa kwetu. Kigezo cha asili, ukikifuata kwa ukali, hakikuachii wimbo hata mmoja. Kinachoifanya rumba ile iwe ya hapa ni namna ilivyolazimishwa kufuata desturi ambayo ngoma za hapa zilikuwa nayo siku zote, ya kiongozi na waitikiaji. Bendi ya Mlimani Park iliazima jina la Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo, na bendi ya Juwata ikaazima Msondo vilevile. Ukumbini ngoma ilikuwa imevaa suti, basi. Na hata huko Mpimbwe, penye Wapimbwe wenyeji na Wasukuma waliohamia na mifugo yao, hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba wimbo usio na waitikiaji haujakamilika.

Ukishajua unachotafuta, anza na jaribio moja: sikiliza mwimbaji anaponyamaza. Usimsikilize yeye; msubiri amalize mstari, uangalie nani anaingia na anaingia na nini. Katika wimbo mzuri wa enzi ile pengo haliachwi tupu, wala halizibwi ovyo. Gita la solo hujibu kwa kifungu kinachofanana na mstari uliokwisha, au tarumbeta huingia na sauti mbili tu na kutoka. Rudia wimbo mara ya pili ukifuata besi peke yake, kisha mara ya tatu ukifuata gita la ridhimu, ambalo watu wengi hawajawahi kulisikiliza maishani ingawa ndilo linalowafanya watikise mguu. Wimbo unaostahili kuwakilisha enzi yake utakupa kitu kipya kila mara. Wimbo uliobebwa na jina la mwimbaji utakuchosha raundi ya pili.

Sababu ya majibizano haya kusikika vizuri katika rekodi za zamani haina muujiza. Bendi ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), Barabara ya Pugu, zikapanga viti na maikrofoni chache, na wimbo ukapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa pamoja. Mpuliza tarumbeta akikosea dakika ya sita, wote wanaanza upya. Hakukuwa na namna ya mwimbaji kuja kesho yake kuweka sauti juu ya vyombo vilivyorekodiwa jana. Walilazimika kusikilizana, na kusikilizana huko ndiko unakokusikia. Jambo la pili ni urefu. Santuri za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na santuri ndogo hubeba dakika chache kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati huo zilikatwa vipande viwili, upande wa kwanza hadithi, upande wa pili chemko. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo ikawa ngumu zaidi, na mkanda wa RTD ukawa ndio nyumba kuu ya muziki wa dansi. Mkanda haukuwa na upande wa kugeuza katikati ya wimbo. Bendi iliweza kutulia, ikaeleza, ikachemka, bila kukimbizwa. Ukubwa wa nyimbo za mwanzo wa miaka ya 1980 una mkono wa uhaba ndani yake, jambo ambalo wanaosema uhaba huua sanaa wangelifikiria mara mbili.

Pingamizi kubwa kuliko yote litatoka kwa watu wa maneno, na hao ni wengi kwa sababu Waswahili husikiliza muziki kwa masikio ya ushairi. Watakwambia wimbo ni ujumbe: mke aliyeachwa, mtoto wa kambo, barua kutoka kijijini, kifo. Watamtaja Marijani Rajab na hadithi zake ndefu, au Remmy Ongala aliyesimama na Super Matimila akaimba juu ya kifo na umaskini hadi watu wakasahau kucheza. Siwapingi kwamba maneno ni mazito. Ninachosema ni kwamba uzito wa maneno hautofautishi zilipendwa na taarabu, wala na ngonjera, wala na kwaya nzuri ya parokia. Zote hizo zina ujumbe. Ukitaka kuonyesha dansi ni nini, lazima uonyeshe kitu ambacho taarabu na kwaya havina. Tena bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana wa chama tawala, polisi, jeshi la kujenga taifa, magereza. Ziliimba kampeni na sikukuu za kitaifa kama zilivyoimba mapenzi, na mpiga solo yuleyule aliyekuliza katika wimbo wa mapenzi alicharaza kwa ustadi uleule katika wimbo wa kuhimiza kilimo. Maneno ya kampeni yamezeeka, gita halijazeeka. Maneno mazuri ni sharti, lakini yahesabu kama swali zuri, kisha uangalie wimbo umelijibu vipi.

Umaarufu nao una hoja yake. Ukiuliza watu kumi wa Afrika Mashariki wakutajie wimbo wa zamani, hutakosa atakayesema "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, wengi wao Watanzania. Ni wimbo usio na doa. Besi ya Tom Malanga na ridhimu ya Omar Shabani zimesokotana kiasi kwamba mtu anaweza kuzisikiliza bila sauti ya mwimbaji na asichoke. Lakini uutazame kwanza kwa kigezo chetu: kasi yake ni ileile tangu unapoanza hadi unapokwisha. Hiyo ndiyo Nairobi ya Wanyika, utulivu unaoteleza, na kama umeulizwa wimbo wa kuwakilisha Wanyika, usitafute mwingine. Ukumbi wa Dar es Salaam, Tanga au Tabora ulidai kupandishwa. Vivyo hivyo kwa Mbaraka Mwinshehe na "Shida" yake ya Super Volcano. Mbaraka, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, alikuwa mwimbaji na mcharazaji wa solo kwa wakati mmoja; akiimba mstari, vidole vyake mwenyewe ndivyo vinavyomjibu. Hilo ni ajabu ya peke yake, na ndiyo sababu sitauchagua wimbo huo. Unakuonyesha Mbaraka. Bendi nyuma yake inampisha.

Kwa msomaji wa Katavi kuna swali jingine ambalo wa Dar es Salaam hawana haja ya kujiuliza. Mpanda ilikuwa upande wa Tabora kabla Mkoa wa Rukwa haujaundwa katikati ya miaka ya 1970, na Katavi yenyewe imekuwa mkoa mwaka 2012 tu. Reli inayofika Mpanda hutokea Kaliua, na Kaliua iko njia ya Tabora. Kwa hiyo kama kuna muziki wa dansi wenye haki ya kuitwa wa nyumbani, ni ule wa magharibi: Kiko Kids na Tabora Jazz waliokuwa Tabora penyewe, na Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende wa Nzega, ikabeba jina la Jimbo la Magharibi mpaka mjini. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, alitunga "Dada Asha" akiwa na Tabora Jazz, na sijui ni mzee gani wa ukanda huu atakayekaa kitini ukipigwa. Gita la Rashid Hanzuruni wa Western Jazz bado linatajwa na wacharazaji wa leo. Je, basi mtu wa Kasansa achague wa magharibi? Kama shughuli yako ni ya kuheshimu ukanda, chagua "Dada Asha" na usitafute ruhusa ya mtu. Tabora haihitaji kuthibitishwa na Dar es Salaam. Lakini swali tulilopewa ni pana kuliko hilo; ni wimbo upi unaobeba ladha nzima, vyombo vyote vikiwa vimekaa mahali pake. Kwa swali hilo bendi za katikati ya kipindi zina faida ambayo bendi za awali hazikuwa nayo: wapulizaji zaidi, magita zaidi, na muda wa kutosha kwenye mkanda.

Kabla sijataja hukumu yangu, zungumza kidogo na kifaa chako, maana uchaguzi mzuri huharibiwa na nakala mbaya. Nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa upya miaka ya 1990 na baadaye, na wanamuziki walewale au waliorithi jina la bendi. Zinauzwa na kurushwa kwenye flashi kwa jina lilelile. Kuzitambua si kazi: tarumbeta zimegeuka kinanda cha umeme kinachojifanya tarumbeta, drams zina mlio mmoja usiochoka, na sauti ya mwimbaji iko mbele peke yake kana kwamba bendi imewekwa chumba cha pili. Si nyimbo mbaya, ila hazikidhi haja yako, kwa sababu mazungumzo yaleyale yamefanywa na watu ambao hawakuwa pamoja. Angalia pia urefu. Ukipewa wimbo wa dakika tatu ambao wenzako wanaukumbuka kuwa mrefu, yamkini umepata upande wa kwanza wa santuri au kipande alichokata dijei. Rudisha, omba mzima. Halafu sabufa. Watu wa mitambo hupenda kuifungua besi mpaka bati la nyumba litikisike, na kwa singeli au bongofleva hilo linaeleweka. Rekodi ya RTD ukiifanyia hivyo, besi inavimba na kumeza gita la ridhimu pamoja na sauti za waitikiaji. Punguza besi hadi usikie kucha ya mpiga ridhimu ikigusa waya. Usishangae spika zote mbili zikitoa kitu kilekile. Nyingi ya rekodi hizo zilichukuliwa kwa njia moja, na hakuna kilichoharibika.

Hukumu yangu ni "Neema" wa Mlimani Park Orchestra. Bendi hiyo ilianza mwaka 1978, baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) na kuitwa DDC Mlimani Park. Ilikusanya watu waliokwisha kupikwa kwingine. Michael Enoch, aliyeitwa King, alitokea Dar es Salaam Jazz na alikuwa mwalimu wa wengi. Abel Balthazar na Joseph Mulenga walishika magita. Muhidin Gurumo na Hassan Bichuka walitoka Juwata. "Neema" ni wimbo wa Cosmas Chidumule, mwanamume anamwita mwanamke aliyebaki kuwa tumaini lake. Hakuna fumbo wala kisa cha kusisimua. Chidumule anaimba kama mtu anayeomba, si kama anayesimulia, na hapo ndipo unapomkumbuka Otis bila kulazimishwa. Sauti za wenzake zinamwingilia pale tu anapoelekea kuzidiwa. Magita hayamkimbizi. Wapulizaji hawapigi kelele za kujionyesha. Wanaingia pamoja, kifungu kimoja kilichopangwa, wanatoka. Halafu beti zinaisha na bendi inalibeba jina lile lililokuwa likiitwa, magita yanazungushana, kasi inashika, na yale yaliyokuwa maombi yanakuwa kitu cha kuchezwa bila huzuni kuondoka. Nyimbo zenye huzuni ni nyingi, na za kuchezwa ni nyingi kuliko hizo. Zinazokufanya ucheze ndani ya huzuni ileile, bila mshono kuonekana, ni chache mno.

Kuna ushahidi mwingine wa pembeni. Soul ya Marekani ilitoka kanisani: Sam Cooke aliimba injili kabla ya mapenzi, Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji wa Detroit, na Al Green, baada ya kutamba, alirudi madhabahuni akawa mchungaji mwaka 1976. Chidumule hakuanzia ukumbini akaishia ukumbini. Baadaye aliacha dansi akawa mwimbaji wa injili, kama Remmy Ongala naye alivyofanya mwishoni mwa maisha yake. Sisemi kwamba wokovu wa mtu unathibitisha wimbo wake wa zamani. Ila ukisikiliza "Neema" ukijua alikoelekea, hutashangaa. Ile namna ya kuita ilikuwamo tangu mwanzo, ikiwa imeelekezwa kwa mwanamke.

Mshabiki wa Msondo atasema nimependelea, na ana silaha. Nuta Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Hakuna bendi yenye ukoo mrefu kama huo, na gita la Said Mabera liliingia humo miaka ya 1970. Kama kigezo kingekuwa kudumu, ningeandika jina lao na kuweka kalamu chini. Mshabiki wa Vijana Jazz atamtaja Hemedi Maneti na "Mary Maria". Wote wawili ninawajibu kwa jaribio lilelile: weka wimbo wako na wangu, msubiri mwimbaji anyamaze, hesabu nani anaingia, kisha ngoja chemko. Wimbo wako ukishinda kwa kipimo hicho, uchukue huo, na mwongozo huu utakuwa umefanya kazi yake. Kuna pia atakayesema ladha haina mjadala, kila mtu na wake. Hilo ni kweli kwa wimbo unaoupenda chumbani kwako. Wimbo unaouweka mbele ya watu kuwa mfano wa enzi nzima ni madai, na madai hutolewa sababu.

Basi tafuta "Neema" ya mkanda wa redio, nzima, si ya kinanda na si ya mchanganyiko wa dijei. Ijaribu kwenye mitambo yenyewe mchana, kabla wageni hawajafika, besi ikiwa chini. Usiku ukifika mkabidhi dijei flashi, na umwambie asiikate mtu akija kuomba singeli. Ikifika katikati na wazee bado wamekaa, asiogope. Chemko liko mbele.